Fremu yangu imepakana na transfoma, na simu inasoma 34. Nihame?

Sindano_na_Uzi:

Habari za humu wakuu. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 14 sasa nashona. Tangu Februari nimehamia fremu mpya huku Tabata Kimanga. Fremu nzuri, ipo barabarani, na kodi nimeshalipa miezi sita mbele. Kasoro yake moja tu, nayo ndiyo imenileta hapa. Nyuma ya ukuta, hatua saba nimezihesabu mwenyewe, kuna transfoma. Ile ya nguzo mbili iliyokalishwa juu kwenye vyuma. Inavuma. Mchana bajaji zinaifunika, lakini nikibaki usiku kumalizia oda za sare naisikia kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo.

Mwanzoni sikuijali. Toka mwezi wa nne ndiyo nimeanza kuumwa kichwa. Kinaanza saa tisa, saa kumi alasiri, hapa juu ya nyusi. Mwanafunzi wangu mmoja ana ujauzito wa miezi mitano, naye juzi kashikwa na kizunguzungu nusura aangukie pasi. Jirani wa duka la vipodozi akaniambia, "Mama Tausi, hiyo ni mionzi ya transfoma, hata aliyekuwemo humo aliondoka anaumwa." Nikamuuliza aliumwa nini, hajui. Nikampigia dalali, akasema aliyepita alifuata mume Goba.

Aliyenimaliza kabisa ni shemeji yangu. Kapakua programu kwenye simu ya kupima sumaku, kaiweka juu ya meza ya kukatia, ikasoma mikrotesla 34. Halafu akanionyesha makala inasema watoto wanaokaa kwenye nyumba zenye zaidi ya 0.4 wanapata saratani ya damu mara mbili ya wengine. Sasa 0.4 na 34! Mimi hesabu zangu ni za futi kamba, lakini hiyo hata mtoto anaiona.

Naomba anayejua kweli anisaidie. Kodi ya watu siwezi kurudishiwa, na yule binti ni amana ya mama yake kwangu.

Mtoto_wa_Ilala:

Hama. Kodi inatafutwa, uhai hautafutwi.

Sindano_na_Uzi:

Mkuu, hiyo nyingine utanilipia wewe?

Kishoka_Mstaafu:

Dada, jina langu la kishoka, yaani fundi umeme asiye na leseni, lisikutishe, ni utani wa kazini. Leseni ya EWURA ninayo na hizo transfoma nimezifanyia kazi miaka mingi. Nianze na simu ya shemeji yako, maana ndiyo iliyokuondolea usingizi.

Kile kipimo ndani ya simu kimewekwa kwa ajili ya dira. Kinachosoma hasa ni sumaku ya dunia yenyewe, ile inayogeuza sindano ya dira, na kwa Dar ni mikrotesla 33 hivi popote utakapokwenda. Sumaku hiyo imetulia, haichezi. Ya umeme wetu inageuka huku na huku mara 50 kwa sekunde, na simu haikutengenezwa kuipima hiyo. Usiniamini mimi. Chukua hiyohiyo simu, nenda shamba kusikokuwa na nguzo hata moja, pima. Ukirudi utuambie imesoma ngapi.

Ile 0.4, ambayo ni ya sumaku ya umeme, si uzushi lakini. Habari hii ilianza Denver, Marekani, mwaka 1979, watafiti wawili walipoandika kwamba watoto waliokufa kwa saratani walikuwa wakiishi karibu na nyaya zenye mkondo mkubwa zaidi ya watoto wengine. Wengi wakafuatia. Mwaka 2000 tafiti hizo zikakusanywa pamoja, na kwa watoto ambao wastani wa sumaku kwenye nyumba zao ulizidi 0.3 au 0.4, lukemia, yaani hiyo saratani ya damu, ilionekana kama mara mbili. Watoto wenyewe walikuwa wachache, na hadi leo hakuna aliyeonyesha ni kwa njia gani sumaku hiyo ndogo inaugusa mwili. Ndiyo maana mwaka 2002 lile shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Lyon, liliiweka kwenye kundi la "huenda inasababisha". Kundi hilohilo baadaye likaingizwa utomvu wa jani zima la mshubiri. Moshi wa kuchomelea vyuma, kwa upande wake, mwaka 2017 uliwekwa kundi la juu kabisa, la vitu vilivyothibitika. Kwa hiyo kama jirani yako wa upande wa pili anachomelea mageti, huyo ndiye wa kumwogopa.

Sasa transfoma. Watu wanaziogopa nyaya za juu, zile za kilovolti 33. Zinaua, usizikaribie hata kwa mti mkavu. Lakini sumaku inafuata wingi wa mkondo, haifuati msongo, yaani volti. Tuseme transfoma yako ni ya ukubwa wa kVA 200. Ikibeba mzigo wote, waya wa juu unapitisha ampia 3.5 tu. Pasi yako ya wati 1000 inavuta zaidi ya 4! Mkondo mkubwa uko kwenye nyaya za chini zinazotoka kwenda mtaani, ampia 289 kila mmoja. Hata hizo, kwa vile zinakwenda pamoja, sumaku zao zinakatana, na ukisogea hatua chache inashuka haraka sana. Ukuta hauzuii sumaku, hilo nikwambie ukweli. Umbali ndio unaozuia. Kiwango cha kimataifa kwa raia wa kawaida ni mikrotesla 200, na hatua saba kutoka kwenye transfoma ya mtaani hukikaribii hicho.

Nikuulize na mimi: cherehani zako ni za aina gani?

Sindano_na_Uzi:

Ninazo nne. Mbili za kukanyaga kwa mguu, moja ya kiwandani ya umeme niliyonunua mtumba, na ovaloki.

Kishoka_Mstaafu:

Ya kiwandani mota yake ni ile nzito inayonguruma muda wote hata usipokanyaga, siyo? Na iko chini ya meza, kama shibiri mbili kutoka kwenye goti lako?

Basi ngoja nikupe ya kukushangaza. Watafiti walipovisha vipimo wafanyakazi wa kazi mbalimbali, mafundi cherehani walikutwa na sumaku nyingi kuliko mafundi umeme wengi. Kisa ni hiyo mota. Kwa hiyo umekaa umeipa mgongo transfoma iliyo hatua saba, huku umeipakata inayokuzidishia. Sisemi itakuumiza, nasema kama unataka kupunguza, anza hapo. Izime kila unapoacha kushona. Ukipata hela weka mota ya servo, inazunguka pale tu unapokanyaga, na LUKU yako itakushukuru.

Halafu niambie, tangi la transfoma lina doa jeusi linalong'aa? Na nani anakaa chini yake?

Sindano_na_Uzi:

Doa lipo, upande wa barabarani. Chini kuna mama wa maandazi asubuhi na kijana wa chipsi jioni. Na mimi, nisidanganye, nilikuwa naanika vitambaa kwenye ule waya wa kuishikilia nguzo.

Kishoka_Mstaafu:

Mungu amekulinda. Vitoe leo. Waya ule ukiguswa na laini huko juu, kitambaa kibichi kitakutambulisha kwa babu zako.

Hilo doa ni mafuta. Transfoma za zamani sana zinaweza kuwa na sumu inayoitwa PCB kwenye mafuta yake, na hiyo ni ya saratani bila "huenda". Dunia ilikubaliana kwa Mkataba wa Stockholm kwamba vifaa vya namna hiyo viwe vimeondolewa ifikapo 2025. Za siku hizi zina mafuta ya kawaida ya madini, lakini kwa macho huwezi kuzitofautisha. Toeni taarifa ya kuvuja, na chakula kihamishwe pale chini. Na akija mtu kuwauzia "mafuta yasiyoisha haraka" ya kukaangia, mfukuzeni. Mafuta ya transfoma yameshaibwa yakaishia kwenye makarai ya chipsi.

Nesi_wa_Zamu:

Mama Tausi, samahani naingia kwa pembeni. Kichwa cha saa tisa alasiri, juu ya nyusi, kwa mtu anayetunga uzi kutwa nzima. Una miaka mingapi? Sindano unaiona vizuri au siku hizi unaisogeza mbali kidogo? Bati lako lina dari? Maji unakunywa kiasi gani? Presha umepima?

Na huyo binti asingoje majibu ya jukwaa. Kizunguzungu kwa mjamzito, kesho aende kliniki akapimwe damu na presha. Kuhusu sumaku na mimba, hakuna madhara yaliyothibitika kwa viwango vya aina hii.

Sindano_na_Uzi:

Nina 46, mdogo wangu. Sindano ananitungia binti. Dari hakuna.

Sindano_na_Uzi: (wiki tatu baadaye)

Wakuu, nimerudi.

Binti alikutwa na damu 9.2, kapewa vidonge na kaambiwa ale vizuri. Nimemwekea mchicha na dagaa pale dukani na ninamsimamia mwenyewe, maana nyumbani kwao anaona haya kula sana. Mimi presha nzuri. Macho ndiyo hayo, nimepewa miwani ya +1.75, na siku ya kwanza kuivaa niliona makosa yote ya shati nililolikabidhi Jumamosi. Kichwa kimepungua, hakijaisha. Nadhani ni joto la bati.

Jumapili nilikwenda shamba kwetu Kisarawe nikiwa na simu ya shemeji. Kule nguzo hazijafika, taa yetu ni ya sola. Nikaiweka juu ya kisiki katikati ya mihogo: 33. Nikampigia nikamwambia mihogo yetu ina mionzi. Hakucheka.

Mafuta tumetoa taarifa mimi na jirani wa vipodozi. Walikuja wawili, wakapanda, wakakaza kitu, wakapiga picha. Doa jipya sijaliona. Mama wa maandazi kasogea kwangu barazani, wa chipsi kagoma, anasema pale ndipo wateja walipomzoea. Vitambaa naanika ndani.

Usiku bado siipendi ile sauti, ila sihami. Kishoka, hiyo mota ya servo Kariakoo wanaiuzaje, na nitajuaje kuwa si ya mchina wa miezi miwili?

Kishoka_Mstaafu:

Nenda na cherehani yako. Isipofungwa na kushona mbele yako, usitoe hela.