Kifaru cha tani 60, cha tani 45 au gari la matairi lenye mzinga: kipi kwa ulinzi upi?

Mizani
Wakuu, mijadala ya vifaru huishia kwenye unene wa deraya na ukubwa wa mzinga, utadhani vifaru hukutana ulingoni kimoja kwa kimoja. Leo tuanzie kwingine: nchi inalinda nini, na chombo cha uzito gani kitafika hapo kikiwa bado kinaweza kupigana?

Makundi yangu ni matatu. Vizito: Leopard 2A6 ya Ujerumani, tani 62 hivi, na Abrams za Marekani za karibuni zinazozidi 66. Vya kati: T-90 ya Urusi (kama 46) na Type 10 ya Japani (44). Vyepesi vya matairi: Rooikat ya Afrika Kusini (28) na AMX-10 RC ya Ufaransa (16 hivi). Kura yangu ni ya kati. Nipingeni.

FundiDizeli
Mkuu, kabla ya kura tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: uzito wote, na mgandamizo chini ya minyororo. Chukua kifaru cha tani 60 chenye minyororo miwili, kila mmoja unagusa ardhi kwa urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 60. Hizo ni mita 6 za mraba, yaani kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Tairi la lori lililojaa upepo hugandamiza mara kadhaa zaidi ya hapo. Ndiyo maana kwenye tope lori linazama na kifaru kinapita.

Ukifika darajani, hesabu hiyo itupe. Nguzo zinabeba tani zote 60, minyororo iwe mipana au myembamba. Na kwa kuwa hakuna anayekitembeza kifaru mamia ya kilomita kikamaliza minyororo njiani, ongeza trela na kichwa chake. Sasa unavuka na zaidi ya tani 80. Kikikwama je? Cha kukivuta nacho kinatakiwa kiwe na ubavu wa kulingana nacho.

Jangwa87
Nyie hesabuni madaraja, mimi nawakumbusha vita vya Chad na Libya, 1987. Libya walikuwa na vifaru vya T-55 vya tani 36. Wachadi walikuwa na pikapu za Toyota na makombora ya kupigia vifaru ya MILAN kutoka Ufaransa. Januari wakaichukua Fada, Machi wakaichukua kambi ya ndege ya Ouadi Doum. Pikapu! Deraya sifuri. Kwa nchi yenye eneo kubwa na watu wachache, wepesi ndiyo deraya yenyewe.

Kobe
@Jangwa87 malizia hadithi basi. Agosti mwaka huohuo Wachadi waliichukua Aouzou, na kabla mwezi haujaisha Libya wakairudisha kwa mabomu ya ndege na mizinga, kwa sababu Ufaransa haikuwapa Wachadi ulinzi wa anga huko. Kuvamia kwa kasi ni kazi moja. Kukaa mahali ukapigwa na bado ukabaki ni kazi nyingine, na pikapu haiiwezi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni kusini mashariki mwa Angola, 1987. Afrika Kusini iliingia Mto Lomba na Ratel za matairi zenye mzinga wa mm 90. Zikakutana na T-54 na T-55 ndani ya kichaka, ambako huoni mbali. Wafanyakazi wa Ratel walilazimika kuzunguka ubavuni na kupiga zaidi ya mara moja kifaru kilekile. Walishinda, lakini baadaye mwaka huohuo walileta Olifant, ambazo ni vifaru vya Kiingereza vya Centurion vilivyofanyiwa ukarabati, tani zaidi ya 50. Jeshi lililokuwa limebobea kwenye matairi kuliko wengi liliomba kifaru kizito. Hilo halisemwi sana na wapenzi wa matairi (nami nilikuwa mmoja wao).

TairiNane
Naunga mkono nusu. AMX-10 RC ilitengenezwa kwa upelelezi: fika, piga, ondoka. Ukraine 2023 ilipotumika kama kifaru cha kuvunja ngome, deraya yake nyembamba ilipitwa hata na vipande vya mabomu ya mizinga. Ilipewa kazi isiyo yake, halafu lawama zikapewa gari.

Mwinuko
Kuna kitu hamjakigusa: hewa. Kwenye milima mirefu injini hukosa oksijeni na nguvu hupungua, kwa hiyo tani ambayo bondeni huisikii inakuwa mzigo. China ilitengeneza Type 15, tani kama 35, kwa ajili ya nyanda za juu za Tibet. India, baada ya mvutano na China huko Ladakh, milimani, mwaka 2020, ikaanza Zorawar ya tani 25. Zote mbili zina vifaru vizito zaidi tayari, na hazikuvitupa.

Upande wa pili ni Israel na Merkava Mk 4, tani 65. Mipaka iko karibu, hakuna bahari ya kuvuka, na kipaumbele ni uhai wa wafanyakazi, hadi injini ikawekwa mbele iwe sehemu ya ngao. Pale uzito huo una mantiki kabisa. Nchi yenye visiwa na madaraja membamba ikiiga hayo, utaona.

Jangwa87
Na droni? Deraya nene iko mbele, droni inashukia juu.

FundiDizeli
Ndiyo, na dawa yake ni vizimba vya chuma na deraya ya juu, yaani uzito zaidi. Vifaru hunenepa kadiri vinavyozeeka. M1 ya 1980, yaani Abrams ya kwanza, ilikuwa tani 54 hivi. Kwa hiyo ukinunua cha tani 45, uliza injini na mikono ya magurudumu vitahimili ngapi baada ya miaka ishirini. Marekani yenyewe ilitaka chombo chepesi cha kuwasaidia askari wa miguu ikapata M10 Booker, tani kama 38, ambayo ndege ya mizigo ya C-130 haiwezi kuinua. Mwaka 2025 wakaachana nayo.

Mizani
Kobe na Mwinuko mmenitikisa. Bado nabaki na cha kati, ila nimefuta safu ya mzinga iliyokuwa mwanzo wa jedwali langu la kulinganisha vifaru. Safu ya kwanza sasa ni daraja dhaifu kuliko yote kwenye njia ya kwenda mpakani.

FundiDizeli
Na ya pili iwe gari la kuvutia. Kila mtu hulisahau.