Naomba ushauri: nimeshtakiwa binafsi pamoja na chuo

Ndugu wanajamvi, mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu cha umma. Mwanafunzi aliungua mkono kwa tindikali katika maabara niliyokuwa nikiisimamia, na hati ya wito imenitaja mimi na chuo. Ninavyoelewa, serikali inapomkinga mtumishi dhidi ya dhima, hubeba gharama za utetezi na fidia itakayoamriwa, ilimradi alikuwa kazini na hakutenda kwa makusudi wala kwa uzembe uliokithiri. Kinachonitia shaka ni kwamba mwanasheria anayetutetea sote ameajiriwa na chuo, ambacho (tuseme ukweli) kitapata nafuu kikidai kuwa nilikiuka taratibu. Je, nidai wakili wa peke yangu kabla ya kusaini maelezo yoyote, na nikifanya hivyo nitapoteza kinga hiyo?