Watunzi wa mapenzi: tubaki WhatsApp au tusaini na mchapishaji?

Wadau, habari za jioni. Niko Ujiji. Mwaka wa sita huu naandika simulizi za mapenzi. Sehemu 10 za mwanzo bure, kuanzia ya 11 unalipa elfu moja kwa simu nakuingiza kundini mpaka mwisho. Riwaya iliyopita walilipia watu 640. Waliotumiwa bure na mashoga zao siwahesabu.

Sasa mchapishaji mmoja wa Dar ameukubali mswada wangu. Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni hadi migebuka ikaungua. Kisha nikasoma mkataba. Mrabaha, yaani fungu langu kwa kila nakala inayouzwa, asilimia 10, unalipwa mara moja kwa mwaka. Nakala 1,000 za kuanzia. Halafu kifungu cha tisa: haki zote za simu na mtandao ni zao. Yaani kundi nilifunge.

Pigeni hesabu nami. Kitabu kikiuzwa 10,000, changu ni 1,000, sawasawa na ninachopata sasa kwa msomaji mmoja! Ila kundini naipata usiku uleule, huko nasubiri mwakani. Na kitauzwa wapi? Huku kwetu ukiingia duka la vitabu unakuta madaftari, kalamu na vitabu vya shule.

Upande wa pili, mama yangu mpaka leo haamini kwamba mimi ni mwandishi. Anasema mwanawe anashinda anachati.

Mimi naona tusiuze haki za simu hata tukibembelezwa. Nani anapinga?

Mwalimu mstaafu, Tabora: Napinga, mwanangu. Saini. Simulizi za simu hazina mhariri: sehemu ya 3 binti anaitwa Rehema, ya 20 kawa Rahma, na mimba ina miezi kumi na tatu. Kitabu kinakaa maktaba. Tena kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, tangu 2023: mshindi wa kwanza wa riwaya anapata milioni 10, na serikali inamchapia kitabu kinasambazwa shuleni. Kundi la WhatsApp litakupa hayo?

Mtunzi, Ujiji: Shikamoo mwalimu. La mhariri umenikamata, ile mimba ilikuwa yangu. Ila kitabu cha kuingia shuleni, mabusu si nitayaacha getini?

Mwenye steshenari, Mwanga ya hapa Kigoma: Dada, ngoja nikuchekeshe. Wateja wananiletea simulizi kwenye simu, "kaka nitolee hii." Kurasa 180, shilingi 100 kila ukurasa, nabaindi. Mtu ananilipa 18,000 za karatasi, na elfu moja ya mtunzi kaikwepa! Kwa hiyo wanaotaka kushika karatasi wapo, tena wengi ni wamama wa sokoni. Nisamehe kama mojawapo ni yako.

Msomaji, Kaliua: Mimi nalipia ile arosto, hamu ya kungoja sehemu inayofuata. Ukinipa kitabu chote nitakimaliza kwa usiku mmoja, basi. Kundini tunagombana wiki nzima kama amwache mume au asimwache.

Mchangiaji, Kigoma mjini: Mnalumbana bure. Kule Marekani Colleen Hoover alijichapishia mwenyewe riwaya yake ya kwanza mwaka 2012, na wachapishaji wakubwa wakaja akiwa tayari na wasomaji wake. Dada unao 640 waliolipa. Ni wachapishaji wanaokuhitaji, jadiliana kama mwenye mali. Hiyo mikataba mingi huwa imeandikwa ili usijaribu kuuliza.

Mwalimu mstaafu, Tabora: Nilegeze kidogo. Hata magazeti ya udaku yalitoa hadithi kwa mfululizo. Mtunzi Eric Shigongo alijenga jina humo, kisha vitabu vikafuata na watu wakanunua. Mfululizo haukuua kitabu. Lakini mhariri, mwanangu! Mdai mhariri hata kabla ya mrabaha.

Mtunzi, Ujiji: Nimewaandikia leo: kifungu cha tisa kitoke, ama kundi langu litangulie miezi sita kabla ya kitabu. Na mhariri nimemdai, mwalimu. Wamejibu "tutakujulisha." Sehemu ya 12 inatoka saa tatu usiku kama kawaida. Kaka wa steshenari, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inaihusu hata hiyo mashine yako. Kesho napita Mwanga, tutaongea.