Sanrufu inagongagonga barabara ya vumbi: nigandishe kioo kisifunguke tena, au nichomelee bati?

MamaMaharage (Njiro, Arusha)

Wakuu habari za jioni. Nina Forester SG5 ya 2004, ile yenye sanrufu pana iliyochukua karibu paa lote. Gari ni la kazi. Nanunua maharage Simanjiro, na msimu ukifika naonekana zaidi barabara ya Oljoro kwenda Terrat kuliko nyumbani kwangu.

Kwenye lami gari limetulia. Likishuka kwenye vumbi, hasa vile vipande vilivyochimbika mawimbi mawimbi, kioo cha juu kinaanza: koko-koko-koko, upande wa kushoto nyuma zaidi. Nikiongeza mwendo kidogo kinanyamaza, nikikaribia themanini upepo unakinyanyua kinaanza upya. Mzee mmoja niliyempa lifti aliniuliza nimebeba sufuria gani huko juu.

Mota bado nzima. Ila wakati wa kufunga, upande mmoja unafika, mwenzake unajikokota nyuma. Na hata hivyo siitumii. Nani afungue paa Simanjiro mwezi wa nane?

Nimeuliza mafundi wawili. Wa Unga Limited anataka kutoa kioo, achomelee bati, apige puti na rangi: laki sita na nusu. Wa Sakina anasema laki moja tu, anazungushia silikoni kwa juu, nikinywa chai nikirudi amemaliza. Huyo wa pili ndiye anayenitisha zaidi.

Ninachotaka ni kioo kibaki, maana mwanga naupenda, na gari lenye bati la kuchomelea mnunuzi akiliona tu anashusha bei. Kibaki, kisifunguke, kisilie. Aliyewahi kufanya anieleze, na anieleze habari ya mvua. Masika ya huku mnayajua.

Kinda_wa_Sakina

Shikamoo mama. Kwanza huyo fundi wa Sakina si mimi 😂

Yangu ni X-Trail, ilikuwa inalia hivyohivyo. Nilikata vipande vya tyubu ya baiskeli nikavibana kati ya kioo na fremu kwa ndani, nikafunga. Kimya mpaka leo. Gharama: tyubu iliyotoboka.

MamaMaharage

Marahaba mwanangu. Na mvua imeshanyesha tangu uweke hizo tyubu?

Kinda_wa_Sakina

Hapo sasa... bado.

FundiBodi_Pasua (Moshi)

Dada, kabla hujampa mtu hata mia, hakikisha kinacholia ni kioo. Nunua ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi, bandika kioo na paa kwa nje, pembe zote nne, ikaze vizuri, halafu nenda kwenye kipande kibovu. Kelele zikiisha, ni kioo. Zisipoisha, mwambie mtu akae nyuma ashike ule ubao wa kivuli wa ndani, kisha kile kibawa cha upepo kilichoko mbele ya tundu. Na bolti za keria. Keria imeshafanya watu wengi hapa Moshi wailaumu sanrufu bure.

Lakini kwa hilo la upande mmoja kuchelewa, naona tunakoelekea. Kioo chako kinabebwa na vibebeo viwili, kushoto na kulia. Kila kimoja kinateleza kwenye reli ya alumini kwa viatu vidogo vya plastiki, na mota moja katikati inasukuma kebo mbili za chuma, moja kwa kila upande. Vumbi letu likikutana na grisi ya miaka ishirini linageuka msasa. Viatu vinalika, kibebeo kinapata nafasi ya kucheza, na kioo kizito juu yake kinageuka nyundo. Viatu peke yake ni shida kuvipata madukani. Utaambiwa ununue fremu nzima ya mtumba kutoka Gerezani, Dar, nayo imelika vilevile kwa sababu imetoka kwenye gari la umri uleule.

Kwa hiyo kukigandisha kwa gari la Simanjiro ni uamuzi wa akili. Ugomvi wangu ni namna ya kukigandisha.

Silikoni kwa juu, hapana. Watu wengi wanadhani ile raba ya kuzunguka kioo ndiyo inayozuia maji. Raba inapunguza tu. Maji kidogo yanapita kila siku ya mvua, yanaangukia kwenye mfereji wa fremu, na kutoka pembe nne za huo mfereji kuna mipira myembamba inayoshuka ndani ya nguzo za gari mpaka chini ya bodi. Sanrufu nzima haikuundwa iwe kavu, imeundwa iwe na mahali pa kumwaga. Sasa fundi akipaka silikoni juu ya raba yenye vumbi haishiki. Kioo kinaendelea kucheza chini yake mpaka ichanike, na vipande vyake vinaanguka mferejini vinaenda kuziba midomo ya ile mipira. Masika yakija maji yanakosa njia, yanashuka kwenye siling, kisha kwenye kapeti, na chini ya kapeti kuna nyaya. Hapo laki moja ya Sakina imezaa kazi ya fundi umeme. Tena ile silikoni yenye harufu ya siki inakula chuma, na ukitaka kupiga rangi baadaye rangi inakataa kushika.

Bati nalo nalifanya, sikatai, hela ni hela. Ila bati la paa ni jembamba, halifiki hata milimita moja. Ukichomelea mstari mrefu mfululizo linapinda, halafu unafukia mapindo kwa puti, na puti juani kwenye paa haidumu. Fundi mzuri anachoma nukta nukta akiruka huku na huku ili joto lisikae mahali pamoja. Siling lazima ishuke, waya wa betri utolewe. Na kwa chini pale alipochoma kutu inaanza mwaka uleule kama hakupaka kinga. Laki sita na nusu kwa kazi iliyofanywa hivyo ni halali. Kwa kazi ya haraka ni wizi.

Mimi ningekufanyia hivi. Kioo kinatoka, kimeshikwa na skurubu chache tu za kichwa cha nyota. Ving'oe viatu, vibebeo na kebo. Ichomoe soketi ya mota yenyewe, usihangaike na fyuzi, maana fyuzi mara nyingine inalisha na vitu vingine. Ukiacha mota ina umeme, siku moja mtoto atabonyeza swichi na itazunguka bure. Safisha reli mpaka uione alumini. Kisha tengeneza vishikio vinne vya flatibaa, yaani chuma bapa, vyenye umbo la L, upande mmoja ufunge kwenye matundu yaleyale ya skurubu za kioo, upande wa pili kwenye fremu ya reli. Kati ya kila chuma na chuma weka raba ngumu. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanakaza chuma kwa chuma. Bodi ya gari inajipinda ikipita kwenye makorongo, na kioo hakijipindi. Kitu fulani lazima kiachie, na kikiachia kioo utakiona chote kimemwagika kwenye viti, vipande vidogo vidogo, kwa sababu ni kioo kilichoimarishwa kwa moto. Kwa sababu hiyohiyo usimruhusu mtu akitoboe wala kukikata. Hakikubali.

Kimo: ukingo wa mbele uwe sawa na paa au chini kidogo, wa nyuma sawa au juu kidogo. Tofauti isizidi unene wa kadi ya benki. Ukiacha mbele imeinuka, upepo wa themanini utakuimbia mpaka Terrat.

DerevaWaMbugani (Mto wa Mbu)

Fundi umeongea vizuri, ila mimi bolti siziamini. Nimeendesha magari ya watalii miaka, yale ya paa la kunyanyuka, na kila kitu kilichofungwa kwa nati huko Serengeti kinarudi kimelegea. Asubuhi kabla ya wageni kuamka unazunguka na spana. Kilichobandikwa kwa gundi ya vioo vya mbele hakijawahi kunisumbua. Kioo cha mbele cha gari chenyewe hakina bolti hata moja na kinapita barabara hizohizo.

Dada abandike, asahau.

FundiBodi_Pasua

Kaka, hoja ya gundi naikubali, hoja ya kusahau ndiyo siikubali. Ile gundi ya poliyurethani inashika kweli na inanyumbulika, kwa hiyo ule mpindo wa bodi inaumeza. Ila ina masharti, na mafundi wetu wengi masharti hawayataki. Chuma kisafishwe mafuta yote, kipakwe praima yake, ile rangi ya kwanza ya kushikisha gundi. Pembeni mwa kioo kama hakuna ule ukanda mweusi, ipakwe praima nyeusi, la sivyo jua linapita kwenye kioo na kuila gundi kutokea juu. Kazi ifanyike ndani, sio kando ya barabara lori linapita na wingu lake. Na inakauka kwa kunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo msimu huu mkavu inachukua muda wake. Soma kilichoandikwa kwenye tyubu, usisikilize "baada ya saa moja ondoka".

Halafu jambo la pili. Siku kioo kikipasuka kwa jiwe, au siling ikitakiwa kushuka, bolti nafungua na ufunguo. Gundi inakatwa kwa waya, watu wawili wakivutana, mmoja ndani mmoja nje. Kwa mtu anayefikiria kuuza gari, mimi nabaki kwenye vishikio, nati ziwe zile zenye nailoni ndani. Hizo hazilegei kirahisi hata Serengeti. Lakini nati ya nailoni ukishaifungua usiirudishe, weka mpya.

DerevaWaMbugani

Hapo kwenye nati ya nailoni nimekuelewa. Sisi walikuwa wanatufungia za kawaida.

MamaMaharage

Jamani asanteni. Nimebandika tepu leo nikaenda mpaka lami inapoisha na kupita kidogo. Kimya kabisa! Nilisikia mpaka sauti ya spana inayobingirika chini ya kiti, ambayo sikujua ipo. Kwa hiyo ni kioo, si keria.

Fundi, umenitia hofu na hiyo mipira. Nimefungua sanrufu nikamimina kikombe cha maji kila pembe kama nilivyoona mtu akifanya gereji. Mbele zote mbili maji yametoka chini haraka. Nyuma kulia yametoka taratibu. Nyuma kushoto hayakutoka, yalibaki yamesimama yana rangi ya chai ya maziwa. Kinda wa gereji hapa jirani anataka kupuliza kwa kompresa. Nimruhusu?

FundiBodi_Pasua

Mzuie! Upepo wa kompresa unachomoa mpira kwenye kiungo chake juu ya siling, halafu maji yote yanamwagika ndani na hutajua yametoka wapi. Nenda duka la pembejeo, omba ile nailoni ya mashine ya kukatia nyasi, ya duara laini. Ncha yake iviringishe kidogo kwa moto wa kiberiti isiwe kali. Iingize taratibu kutoka juu, zungusha, vuta, rudia, huku unamimina maji kidogo kidogo. Tope likianza kutoka chini endelea mpaka maji yatoke meupe. Na upande wa kulia ufanye vilevile, usingoje uzibe.

Hilo lifanyike kabla ya vishikio. Ukishafunga kioo, kuifikia mifereji itakuwa mpaka ufungue bolti. Ndiyo sababu nyingine ya kutobandika.

Kinda_wa_Sakina

Fundi samahani, kwa hiyo tyubu zangu za baiskeli nizitoe?

FundiBodi_Pasua

Zimekaa wapi? Kama zimebanwa ukingoni juu ya raba, hazina neno sana, ila zitaoza kwa jua. Kama zimelala mferejini, zitoe leo, vuli haiko mbali.

Kinda_wa_Sakina

Mferejini 🙈 Natoa.

MamaMaharage

Mpira wa kushoto umefunguka. Lililotoka humo ni udongo mtupu na jani la mjohoro. Kesho nampelekea kazi fundi bodi wa Kijenge, amekubali nisimamie mwenyewe. Anauliza flatibaa ya unene gani, na kama aipake rangi kabla au baada ya kufunga.

FundiBodi_Pasua

Milimita tatu, upana wa inchi moja unatosha. Ya milimita mbili atakuambia ni ileile, usikubali, inajipinda kwenye kona ya L na kioo kinaanza kucheza upya. Atoboe kwanza, apige msasa, apake rangi ya kuzuia kutu ikauke kabisa, ndipo afunge. Akifunga kwanza, chini ya raba hapatafikika.

Kaza kwa zamu ya msalaba, kidogo kidogo, huku mtu mwingine anapitisha kadi ya benki kuzunguka kioo. Vibebeo na kebo mwambie akufungie kwenye mfuko, uondoke navyo.