Kusomeshwa programu na kampuni halafu niwatumikie miaka 2, au nijilipie mwenyewe? Naomba ulinganisho

Kijana wa Tabata
Wakuu habari za humu. Nimemaliza digrii ya kompyuta mwaka jana, tangu hapo kazi yangu ni kuzunguka na bahasha. Sasa zimekuja njia tatu kwa mpigo na kichwa kinauma.

Ya kwanza: kampuni moja ya mifumo hapa Dar (jina nalihifadhi) inanifundisha miezi 6 bure, posho 200,000 kwa mwezi, laptopu ya ofisi. Nikimaliza naajiriwa kwa 650,000 na nafungwa miaka 2. Nikiondoka kabla, nalipa 7,200,000 "gharama za mafunzo". Wanataka wadhamini wawili, na vyeti halisi wakae navyo wao.

Ya pili: chuo binafsi cha jioni, miezi 4, ada 2,800,000. Baba mdogo kasema atanikopesha nusu. Kifungo hakuna, kazi nayo hakuna.

Ya tatu: kuna kaka mmoja Kariakoo anawafungia wenye maduka mifumo ya mauzo na stoo. Anasema njoo ujifunzie kazini, 150,000 na nauli. Usiku nasoma freeCodeCamp, yale masomo ya bure ya programu mtandaoni, kwa bando langu. Karatasi hakuna hata moja.

Mngekuwa nyie?

seva_haizimi
Wanafundisha lugha gani?

Nilikaa Benchi
Dogo, mimi nilipita hiyo ya kwanza, kampuni nyingine. Nakwambia kitu ambacho hakuna aliyeniambia: uliza saa ya hiyo miaka miwili inaanza kugonga lini.

Kwangu mkataba uliandikwa "kuanzia siku ya kwanza ya kazi kwa mteja". Nikaona sawa tu, nikasaini. Mafunzo yakaisha, mteja hayupo. Nikakaa benchi miezi 4 nalipwa posho ileile ya mafunzo, nakuja ofisini saa mbili asubuhi, nafungua laptopu, nacheza karata za kompyuta. Hiyo miezi haikuhesabiwa. Jumla nilitoka pale baada ya miaka 2 na miezi 10.

Ila nisiwe mwongo, shule niliipata. Si darasani, darasani tulisomewa slaidi. Niliipata siku nilipotuma kazi yangu ya kwanza kukaguliwa, ikarudi na maoni 41. Ndani ya programu nilikuwa nimeipa namba ya akaunti ya mteja jina la x2. Aliyenikagua aliandika: "Saa nane usiku mfumo ukilala, nani atajua x2 ni nini?" Miezi mitatu baadaye mfumo ulilala kweli, saa nane kasoro, na mimi ndiye nilikuwa zamu. Hilo freeCodeCamp haikupi.

hesabu_za_mwezi
Tuweke namba mezani. 650,000 hiyo ni kabla ya makato. NSSF 10% ni 65,000. Kodi ya mapato inakuja kama 33,000. Kama ulisomeshwa na Bodi ya Mikopo, 15% ya mshahara ni 97,500. Mkononi inabaki 454,500. Toa chumba Tabata, toa daladala. Ukiikubali, ikubali ukiwa umeiona hiyo namba, usiote 650,000.

La pili, hiyo 7,200,000 imetoka wapi? Chuo cha jioni kinauza mafunzo kwa 2,800,000. Posho ya miezi 6 ni 1,200,000. Jumla milioni 4. Waulize hizo milioni 3 na laki 2 zilizobaki ni za nini. Laptopu si ya ofisi? Inarudi ofisini.

Kijana wa Tabata
Mkopo wa Bodi ninao mkuu, umenigusa. Hiyo 454,500 sikuwa nimeiona kabisa.

Wa Nairobi Tena
Wadau wa Bongo, salamu kutoka huku. Sisi hii hadithi tuliianza mapema. Andela, kampuni ya kufundisha vijana programu na kuwakodisha kwa wateja, walifungua Nairobi 2015, kijana analipwa akijifunza, na ahadi ilikuwa miaka minne. Wengi walitoka pale wakiwa developa wa nguvu, siwezi kuwanyima sifa. Lakini Septemba 2019 kampuni ikasema soko linataka wenye uzoefu, wanagenzi hawauziki, na mamia wakapunguzwa Nigeria na Uganda, hata Kenya ikaguswa.

Kwa hiyo usisome tu kinachokupata wewe ukiondoka. Soma kinachotokea WAO wakikuondoa. Kuna mikataba imeandikwa "ajira ikikoma kwa sababu yoyote". Hiyo "yoyote" maana yake wakufute kazi, na deni ulibebe.

Na kwa Wakenya wanaosoma hapa: mwajiri wako analipa NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na akisomesha kwa utaratibu wao anaweza kurudishiwa gharama. Akikudai gharama kamili, muulize kwa upole kama ameshalipwa na NITA.

Wakili wa Mtaani
Nagusia sheria kwa kifupi, huu si ushauri rasmi. Tanzania mkataba wa kumfunga mtu kwa sababu amesomeshwa si haramu. Ila namba iliyoandikwa si lazima iwe ndiyo utakayolipa. Sheria yetu ya Mikataba inasema aliyevunjiwa mkataba anapata fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. 7,200,000 ni dari. Wakienda mbele wataulizwa hasara halisi, na aliyefanya kazi miezi 20 kati ya 24 si sawa na aliyekimbia mwezi wa pili.

Kuhusu kufukuzwa: ukiona umeachishwa kwa uonevu, una siku 30 kupeleka mgogoro CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini aliyeajiriwa chini ya miezi 6 hana ulinzi huo wa kuachishwa isivyo halali. Mafunzo yako ni ya miezi mingapi vile? Sita. Je, kipindi hicho wewe ni mwajiriwa au "mwanafunzi"? Pata jibu lake kwa maandishi.

Vyeti halisi usiache. Wape nakala iliyothibitishwa na wakili. Nimeona mtu kapata kazi nzuri Dodoma, vyeti viko kabatini kwa mwajiri wa zamani, na mwenye ufunguo kila siku "yuko safari".

Mwenye Duka la Mifumo
Mimi ni mwajiri, Arusha, wafanyakazi 9. Nipigeni mawe taratibu. Nilisomesha vijana wanne kwa fedha zangu bila mkataba wowote, kwa kuaminiana. Wawili waliondoka mwezi wa tatu, wameitwa na watu wa mbali wanaolipa kwa dola. Siwalaumu, ningekuwa mimi ningeenda. Ila mradi wa mteja ulibaki nusu, nikarudi kuandika programu usiku na miaka yangu 47.

Sasa nafunga, ila mwaka mmoja tu, na deni linashuka kila mwezi. Wadhamini sitaki, vyeti sitaki. Kampuni inayoshika vyeti inajua yenyewe kwamba mshahara wake hauwezi kumshika mtu.

shangazi_ughaibuni
Huku Marekani kulikuwa na shule ya programu ya Lambda School, baadaye ikaitwa BloomTech. Wao walisema usilipe kitu, ukipata kazi ya dola 50,000 kwa mwaka utatoa 17% ya mshahara kwa miezi 24, mwisho dola 30,000. Waliiita si mkopo. Aprili 2024 shirika la serikali linalolinda wateja wa fedha likasema ni mkopo, na kwamba walitia chumvi takwimu za wahitimu kupata kazi. California nayo kuanzia 1 Januari 2026 imepiga marufuku mikataba mingi mipya ya "baki au ulipe". Sheria ya huku haitakusaidia Tabata, mwanangu. Nakuonyesha tu kwamba hata wenye wanasheria wengi walisaini bila kusoma.

hesabu_za_mwezi
Deni lishuke kila mwezi, hapo ndipo pa kupigania. 7,200,000 gawa kwa 24 ni 300,000. Ukifika mwezi wa 20 unadaiwa 1,200,000, na mwajiri mpya anaweza hata kukulipia. Likibaki palepale mpaka siku ya mwisho, mwezi wa 23 unadaiwa sawa na wa kwanza.

Nilikaa Benchi
Na ile ya Kariakoo msiidharau. Huko utaona mteja anakukaripia uso kwa uso, stoo inasoma katoni 12 na rafuni zipo 9. Shida ni kwamba hakuna wa kukukagua kazi. Utaandika x2 miaka mitano.

Kijana wa Tabata
Mrejesho wakuu. Jana nilirudi kwa HR na karatasi yenye maswali matano. Alishangaa kidogo, akampigia bosi.

Deni kushuka 300,000 kila mwezi: wamekubali. Wakiniondoa wao bila kosa langu, deni linakufa: wamekubali, wanaandika upya. Vyeti: nakala inatosha. Saa kuanza siku mafunzo yanapoisha: wamekataa katakata, ila benchi ikizidi mwezi mmoja itahesabiwa. Mchanganuo wa 7,200,000 sijapewa, nimeambiwa "ni sera".

Wadhamini wamebaki wawili. Baba mdogo kakubali. Mzee wangu mwenyewe kasoma ukurasa wa pili, akavua miwani, akasema kiwanja cha Chanika hakiingii kwenye kompyuta. Namtafuta mwingine. Nikimpata, nasaini Jumatatu.

@seva_haizimi samahani nilikusahau. Ni lugha ya Java, na Oracle ya kutunza data.

seva_haizimi
Java na Oracle? Basi mteja ni benki. Nunua mashati meupe mawili, na simu usiizime usiku.