Sindano kavu kwa maumivu ya misuli: waliochomwa, tupeane uzoefu

Fundi wa Birere: Jambo ndugu zangu wa Goma. Huu ni mwaka wa kumi na moja nikishona, shingo imeinama juu ya cherehani toka asubuhi hadi jioni. Mwaka jana bega la kuume lilikaza mpaka binti yangu akawa ananivalisha blauzi. Nilipaka pomadi, nikameza vidonge, mama mkwe akanichua kwa mafuta ya moto. Nafuu ya usiku mmoja, basi.

Kine mmoja, yaani mtaalamu wa kutibu misuli na viungo kwa mikono na mazoezi, ndiye aliyenieleza habari ya sindano kavu. Inaitwa kavu kwa sababu haina dawa, wala haina tundu la kupitisha dawa. Ni nyembamba mno. Alinilaza kifudifudi, akafinya bega kwa vidole viwili mpaka akashika kifundo kama punje ya haragwe. Alipokibonyeza, maumivu yalipanda hadi nyuma ya jicho. Akachoma hapohapo. Msuli ukaruka wenyewe, kama samaki aliyetoka ziwani sasa hivi. Nililia kwa sauti! Akasema huko kuruka ndiko alikokuwa anakutafuta. Siku mbili bega liliniuma kama nimepigwa, ila siku ya tatu niliinua mkono nikashusha kitenge juu ya kabati, peke yangu.

Wenzangu yaliwakuta yapi? Mazuri na mabaya, semeni yote.

Motard Ndosho: Mimi ni kiuno. Barabara zetu za mawe ya volkano mnazijua. Nimechomwa mara tatu, na kila mara nilipata wiki moja ya raha, kisha yakarudi. Kosa lilikuwa langu: mazoezi niliyopewa sikuyafanya. Sasa kabla ya kuwasha piki ninajinyoosha dakika kumi ukutani. Tangu Pasaka sijarudi kwa kine.

Dada Katindo: Mimi nilitoka mbio. Nilimwona kine akichomoa sindano kwa mama aliyenitangulia, akaifuta kwa pamba, akanigeukia. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupitia hapo hapo. Jamani, pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako, sindano ikishatumika itupwe.

Kine Himbi: Aksanti dada, hilo ndilo la kwanza. Mimi ni wa kazi hiyo, niongeze kidogo. Vifundo vya msuli alivyovitaja Fundi vilichorwa vizuri na Janet Travell, daktari wa Rais Kennedy wa Marekani, pamoja na mwenzake David Simons. Mwaka 1979 Karel Lewit wa Prague akaandika kwamba sindano yenyewe hupunguza maumivu hata bila dawa. Si akupancha ya Wachina, ingawa sindano zinafanana. Wao hufuata njia zao za mwilini, sisi tunafuata msuli uliokaza.

Fundi, penye bega lako pafu liko karibu. Mtu akichomwa hapo kisha akabanwa pumzi au kifua kikamchoma, aende hospitali saa ileile, asingoje kesho. Na mwambieni mtaalamu kama mna mimba au mnatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Mtoto wa Chukudu: Papa yangu alishusha viazi toka Kibumba kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, miaka mingi, goti moja juu ya ubao, mguu wa pili ukisukuma. Goti lile sasa linamtesa. Sindano inaweza kulitibu?

Kine Himbi: Goti lililolika sindano hairudishi, ndugu. Inalegeza misuli ya paja inayolivuta, na hapo mzee hutembea kwa nafuu. Kama limevimba na lina moto, usimpeleke kwa sindano, mpeleke kwanza kwa daktari.

Mtoto wa Chukudu: Nimerudi kuwapa habari. Daktari alimwona papa, kisha akachomwa pajani mara mbili. Goti bado linalia, lakini ngazi za kanisa anapanda bila kunishika bega. Alhamisi tunarudi, na mazoezi ya kiti anayafanya mbele ya wajukuu, wanamhesabia kwa sauti.