Naomba ushauri: nipande lini viazi mviringo bondeni Makete?

Habari za leo ndugu wakulima. Nina nusu ekari bondeni huku Makete, nataka kupanda viazi mviringo vya kumwagilia. Mwaka jana nilipanda mapema Juni. Asubuhi moja nikakuta majani yote meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Sakitu, yaani baridi kali inayogandisha umande, ilipita usiku. Nilipandishia udongo, vikachipua upya, lakini viazi nilivyovuna vilikuwa vidogo mno. Iliniuma sana.

Sasa mbegu, yaani viazi vya kupandia, zimeshachipua, machipukizi mafupi na manene. Nafasi ni sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mimea.

Je, nipande sasa mwishoni mwa Julai au nisubiri katikati ya Agosti? Na mbegu kubwa nizikate, au udongo huu wa baridi utaziozesha?